Gari la Deraya la Upelelezi na Mipaka Yake katika Vita vya Kilwa na Lindi, 1916–1917

Utangulizi

Tarehe 7 Septemba 1916 manowari za Uingereza ziliitwaa Kilwa. Mikindani ilifuata tarehe 13, Sudi tarehe 15, na Lindi tarehe 16. Katika muda wa siku kumi pwani yote ya kusini ya koloni la Wajerumani ilikuwa imebadilisha bendera, tena kwa mapigano machache sana. Jenerali Jan Smuts alipokabidhi uongozi wa majeshi Januari 1917 na kwenda London, alieleza kwamba vita vya Afrika Mashariki vilikuwa vimekwisha kwa sehemu kubwa na kwamba kilichobaki ni kazi ya kumalizia. Kazi hiyo ya kumalizia ndiyo iliyomwaga damu nyingi kuliko yote yaliyotangulia. Jeshi lililoshuka Kilwa na Lindi lilihitaji takriban miezi kumi na minne kufika Mto Ruvuma, na njiani lilipita Kibata, Narungombe na Mahiwa.

Mwaka huo huo wa 1916, upande wa kaskazini, jeshi hilo lilikuwa limetumia zana mpya iliyoundwa mahususi kwa ajili ya kuona mbele ya safu: gari jepesi la deraya. Lilikuwa na mwendo wa kasi, lilikinga waliomo dhidi ya risasi, na lilibeba rashasha. Juu ya hayo, lilikuwa na sifa moja ambayo pwani ya kusini ilionekana kuihitaji kuliko mahali pengine popote: halikufa kwa kuumwa na mbung'o. Farasi alikufa, na nyumbu pia. Katika miezi ya mwisho ya 1916 peke yake Waingereza walipoteza makumi ya maelfu ya farasi, nyumbu, punda na ng'ombe. Kama kulikuwa na nchi ambamo gari la upelelezi lingestahili kuchukua nafasi ya mpanda farasi, basi ni nchi iliyoko kati ya Matumbi na Uwanda wa Makonde. Hata hivyo halikuichukua.

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni fupi: mvua, matope na vichaka. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, kwa sababu linaufanya mkasa wote uwe wa hali ya hewa. Makala haya yanadai kwamba kikwazo kikubwa kilikuwa ndani ya zana yenyewe. Gari lililoundwa kwa ajili ya kugundua yasiyojulikana liliweza kupita tu pale ambapo nchi ilikwisha kujulikana, njia ilikwisha kufyekwa, na maji na mafuta yalikwisha kufikishwa. Ujuzi huo na kazi hiyo vilikuwa mikononi mwa watu wa miguu, yaani waongoza njia, wapelelezi, askari na wapagazi. Hoja si kwamba hakuna gari la deraya lililowahi kushushwa pwani ya kusini. Hoja ni kwamba vita vya huko havikupelelezwa, wala havikuamuliwa, kwa chombo cha aina hiyo, na kwamba namna historia ilivyoandikwa imeficha ni nani aliyeifanya kazi ambayo gari halikuiweza.

Zana na barabara iliyoizaa

Gari la deraya la Waingereza lilizaliwa mahali penye barabara. Katika miezi ya mwanzo ya vita mwaka 1914, Kamanda Charles Rumney Samson wa kikosi cha anga cha jeshi la majini alikuwa Dunkirk, kaskazini mwa Ufaransa. Watu wake walitumia magari ya kawaida kuwatafuta marubani walioanguka na kuchungulia nyendo za Wajerumani. Walipoanza kupigwa risasi waliyafunika magari hayo kwa mabamba ya chuma cha bwela. Kutokana na majaribio hayo ilibuniwa aina rasmi, iliyojengwa juu ya chesisi ya Rolls-Royce Silver Ghost, na magari ya kwanza yakakabidhiwa Desemba 1914. Lilikuwa gari la watu watatu, lenye uzito wa zaidi ya tani 4, mabamba ya unene wa milimita 12 hivi, na juu yake mnara mdogo unaozunguka wenye rashasha ya Vickers. Katika barabara nzuri liliweza kukimbia kilomita 70 kwa saa.

Kejeli ya historia ni kwamba gari lilipokamilika, barabara zake zilikuwa zimefungwa. Mahandaki yalikuwa yamechimbwa kutoka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi, na gari lisiloweza kuvuka handaki halikuwa na la kupeleleza. Ndiyo maana vikosi hivyo vilitawanywa kwenda kwingine. Kule Misri, mwaka 1916, yalifanya kazi kubwa jangwani dhidi ya Wasanusi. Kusini Magharibi mwa Afrika, Namibia ya leo, yalisaidia kuyarudisha nyuma mashambulizi ya Wajerumani huko Trekkopjes tarehe 26 Aprili 1915. Mafanikio hayo yanafaa kusomwa kwa uangalifu. Jangwa halina barabara, lakini kwa maana fulani lote ni barabara: ardhi ni ngumu, wazi, na jicho hufika mbali. Waliotoka Trekkopjes kwenda Afrika Mashariki walikuja na imani iliyojengwa juu ya changarawe.

Lugha nayo ina ushahidi wake. Kiswahili cha leo kina istilahi ya gari la deraya, ambamo deraya ni vazi la chuma la shujaa wa zamani, na kina neno kifaru kwa zana kubwa zaidi iendayo kwa minyororo. Jina hilo la pili linafaa sana kwa unene wa ngozi na kwa namna mnyama huyo anavyoshambulia. Lakini mwindaji yeyote wa Liwale angeweza kuongeza jambo moja: kifaru haoni vizuri. Husikia na kunusa, kisha hukimbia kuelekea kule anakohisi adui yupo.

Funzo la Salaita

Kabla ya kuitazama Kilwa, yafaa kuangalia pigano moja la kaskazini, kwa kuwa huko magari yalikuwepo na hali ya nchi iliyaruhusu kwa kiasi. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walishambulia kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta. Luteni Kamanda W. Whittall, aliyeongoza magari ya deraya katika kampeni hiyo na kuandika kumbukumbu zake mwaka 1917, alikuwa miongoni mwa walioshiriki. Ndege pia zilikuwa zimeruka juu ya kilima. Licha ya macho hayo mawili ya kisasa, washambuliaji waliamini kwamba kilimani palikuwa na kikosi kidogo, ilhali walinzi walizidi 1,000. Waliamini vilevile kwamba mahandaki yalikuwa juu ya kilima, na mizinga ikapiga huko. Mahandaki yenyewe yalichimbwa chini, mbele ya vichaka, yakafichwa. Brigedi ya Afrika Kusini, ambayo wengi wa askari wake walikuwa hawajawahi kupigana na askari wa Kiafrika na hawakuwathamini, ilirudishwa nyuma na askari hao hao.

Magari yalikuwa na manufaa siku hiyo: yalisaidia kuwakinga waliokuwa wakirudi. Hiyo ni kazi ya silaha, si ya jicho. Hapa ndipo dosari ya kimuundo inapoonekana kwa mara ya kwanza katika Afrika Mashariki. Dereva wa gari la deraya huitazama dunia kupitia upenyo mwembamba wa chuma. Ngurumo ya injini humtangulia. Hawezi kutambaa, kunyamaza, wala kumuuliza mwanamke anayetoka kisimani amewaona watu wangapi. Katika uwanda wa Taveta kasoro hizo zilifidiwa kwa kasi na kwa uwazi wa sehemu za nchi. Kusini hapakuwa na cha kuzifidia.

Nchi ya Kilwa

Nyuma ya Kilwa Kivinje nchi haikuwa pori lisilo na njia. Kosa hili limerudiwa mno katika vitabu vya vita, kana kwamba ramani iliyo tupu ni nchi iliyo tupu. Kwa karne nzima iliyotangulia Kilwa Kivinje ilikuwa mlango wa misafara iliyotoka Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao, iliyoleta pembe za ndovu na, kwa uchungu mkubwa, watu waliouzwa utumwani. Njia zilikuwepo. Lakini zilikuwa za mguu, upana wa mtu mmoja, na zilifuata mantiki ya maji. Hazikwenda moja kwa moja. Zilizunguka kutoka kisima hadi kisima, kutoka bwawa hadi kitanda cha mto, zikibadilika kwa msimu. Aliyeijua njia ya Julai hakuwa ameijua ya Machi.

Wajerumani walipanua baadhi ya njia hizo kwa kazi ya kulazimishwa, lakini barabara zao zilikusudiwa wapagazi na maofisa wa boma, si gari la tani 4. Udongo mweusi wa mabonde ya Matandu na Mbemkuru, ambao wakati wa kiangazi hupasuka kama sahani, hugeuka kuwa gundi mvua inaponyesha. Mvua za miezi ya mwanzo ya 1917 zilikuwa nzito kupita kawaida, kiasi kwamba shughuli za pande zote mbili karibu zisimame. Kaskazini magharibi ya Kilwa vilisimama vilima vya Matumbi, vyenye miteremko mikali na mabonde yaliyozibwa na miti. Kusini, kuelekea Lindi, nyasi zilimfunika mtu akiwa amesimama, na baada ya nyasi vilikuja vichaka vya miiba. Ndege zilizotumika kutoka pwani ziliona vilele vya miti.

Kibata inatoa mfano unaovunja maelezo ya hali ya hewa peke yake. Mnamo Desemba 1916 Paul von Lettow-Vorbeck mwenyewe aliongoza mashambulizi dhidi ya boma la Kibata, lililokuwa limeshikwa na Waingereza kutoka Kilwa, na mapigano yakaendelea kwa wiki kadhaa. Miongoni mwa silaha zake ulikuwamo mzinga wa milimita 105 ulioopolewa kutoka meli Königsberg, iliyozama katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mzinga huo haukufika Matumbi kwa injini. Ulivutwa na watu, kwa kamba, mlima kwa mlima. Kwa hiyo si kweli kwamba chuma kizito hakikuweza kupita katika nchi hiyo. Kiliweza kupita popote ambapo palikuwa na mikono ya kutosha na amri ya kuilazimisha. Lakini gari la upelelezi linalovutwa na watu mia limepoteza maana ya kuwepo kwake, kwa sababu watu mia hao wamekwisha kufika kabla yake na wamekwisha kuiona nchi.

Hesabu ya mafuta huonyesha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Petroli ilisafirishwa kwa madebe ya lita 18. Madebe mawili yalikuwa mzigo kamili wa mpagazi mmoja, na zaidi kidogo ya mzigo uliopaswa. Mpagazi huyo alihitaji chakula cha kilo moja hivi kwa siku. Kama anakwenda siku kumi bara na kurudi siku kumi, hula kilo 20, karibu sawa na mzigo mzima wa mwenzake. Kila debe la petroli lililofika mbele ya safu lilikuwa limekwisha kuliwa, kwa maana halisi, njiani. Magari mepesi ya Ford yalipunguza tatizo hilo mwaka 1917 pale ambapo njia ilikwisha kutengenezwa, na kwa uzito wake mdogo Ford iliyozama tope iliweza kusukumwa na wachache. Gari la deraya lilihitaji barabara bora zaidi ili lifanye kazi ndogo zaidi. Mkuu wa safu aliyekuwa na wapagazi wasiotosha, na wote walikuwa na wapagazi wasiotosha, hakuhitaji mwanafalsafa kumweleza achague nini.

Jaribio la kutumia farasi halikuachwa hata hivyo. Kikosi cha 25 cha wapanda farasi wa Jeshi la India kilitumwa Kilwa na kushiriki katika shughuli za nusu ya pili ya 1917. Farasi wake waliingizwa katika ukanda wa mbung'o kwa kujua fika kwamba wangekufa. Uamuzi huo unaeleza mengi: mnyama aliyehukumiwa kuishi wiki chache bado alionekana kuwa jicho bora kuliko gari lililoweza kuishi miaka.

Walioona

Ni nani basi aliyepeleleza? Jibu la kwanza ni askari. Vikosi vya King's African Rifles, ambavyo Waswahili waliviita Keya, vilipanuliwa kwa haraka tangu 1917 hadi kufikia batalioni 22 mwishoni mwa vita, na sababu mojawapo ilikuwa utambuzi wa wakuu kwamba katika nchi hii askari wa Kiafrika aliweza kufanya doria ambayo wengine hawakuiweza. Kikosi cha Gold Coast, Ghana ya leo, kilijifunza vichaka vya Kilwa kwa gharama kubwa. Kwa upande wa pili, askari wa Lettow-Vorbeck walikuwa na faida ya miaka mingi ya kuishi katika maboma ya huko, pamoja na mtandao wa maakida na majumbe waliopokea na kupeleka habari.

Jibu la pili ni gumu zaidi, nalo linahusu wenyeji. Idara ya upelelezi ya Waingereza iliwategemea wawindaji wa Kizungu walioijua nchi. Mmoja wao, P. J. Pretorius, aliyekuwa ameishi kandokando ya Ruvuma, ndiye aliyesaidia kuigundua Königsberg katika vijito vya Rufiji. Jina lake limehifadhiwa, na aliandika kitabu. Wale waliomwongoza yeye hawakuandika. Lakini mwindaji wa ndovu hajui bonde kwa sababu amelichora. Analijua kwa sababu kuna mtu wa bonde hilo aliyetangulia mbele yake na upinde au na mtungi wa maji.

Hapa pana jambo ambalo uchambuzi wa kijeshi haupaswi kulipita. Watu wa Matumbi, Wangindo na Wamwera waliotakiwa kuonyesha njia mwaka 1916 walikuwa wale wale, au watoto wa wale wale, ambao miaka kumi na moja kabla walikuwa wameinuka katika Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza Julai 1905 katika vilima hivyo hivyo vya Matumbi. Misheni ya Nyangao, iliyoteketezwa mwaka 1905, iko jirani na uwanja wa pigano la Mahiwa la 1917. Njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma vyakula iliua watu wengi kuliko risasi. Mwenye kumbukumbu hiyo alipoulizwa na ofisa, wa upande wowote, maji yako wapi, hakuwa chombo cha kupokea swali na kutoa jibu. Alikuwa na hesabu yake. Kuonyesha kisima kulimaanisha kuwaleta maelfu ya watu na wanyama kwenye maji ya kijiji chake. Kutokionyesha kulimaanisha kupigwa, au kushukiwa kuwa mpelelezi wa upande wa pili, na adhabu ya hilo ilijulikana. Wengi walichagua jibu la tatu: kuondoka. Vijiji vitupu vinavyosimuliwa katika kumbukumbu za maofisa kama sehemu ya mandhari vilikuwa ni uamuzi wa kisiasa wa watu wenye akili timamu.

Narungombe, tarehe 19 Julai 1917, inafaa kusomwa katika mwanga huo. Katika ukanda mkavu ulio kusini magharibi ya Kilwa, mahali penye visima palikuwa ndipo mahali pa kupigania, kwa sababu safu iliyoshindwa kuyapata maji haikuweza kulala hapo wala kurudi ilikotoka. Brigedia Jenerali Beves alishambulia ngome ya Kapteni von Liebermann kwa siku nzima na kupoteza zaidi ya watu 300. Usiku Liebermann aliondoka, bila kujua kwamba Lettow-Vorbeck alikuwa karibu kufika na nguvu mpya. Pande zote mbili, basi, zilikuwa gizani siku hiyo, hata ule uliosifiwa kwa kuijua nchi. Hilo ni onyo kwa wale wanaomfanya askari wa Kijerumani kuwa na jicho lisilokosea.

Mahiwa ni giza kubwa zaidi. Kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917 safu ya Lindi, iliyoongozwa na Beves huyo huyo, ilikutana na jeshi la Jenerali Wahle, huku brigedi ya Wanaijeria ikisogea kutoka upande wa Kilwa ili kumfungia Wahle njia. Lettow-Vorbeck alifika na kampuni kadhaa, na kufika kwake hakukujulikana kwa wakati. Wanaijeria wakazingirwa. Beves akaendelea kushambulia uso kwa uso. Kati ya watu wapatao 4,900 wa upande wa Waingereza, takriban 2,700 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Wajerumani walipoteza mia tano na zaidi, idadi ndogo kwa kulinganisha lakini isiyoweza kufidiwa. Swali la kama gari la deraya lingebadilisha lolote hapo ni la kubuni, na mwanahistoria hana wajibu wa kulijibu. Linaloweza kusemwa ni kwamba habari iliyokosekana Mahiwa ilikuwa ya aina ambayo hupatikana kwa mguu: nyayo za kampuni zilizopita usiku, majivu ya moto wa jana, neno la mtu aliyekutana na wapagazi njiani.

Ukimya wa nyaraka

Kuna sababu ya kitaaluma inayofanya picha ya kaskazini, yenye magari na ndege, itawale. Historia rasmi ya Waingereza kuhusu kampeni hii, iliyokamilishwa na Charles Hordern na kuchapishwa mwaka 1941, ilifika Septemba 1916 tu. Juzuu ya pili haikuchapishwa kamwe. Kwa maneno mengine, simulizi rasmi inanyamaza katika mwezi ule ule ambao Kilwa na Lindi zinaingia vitani. Kitabu cha Whittall nacho kinahusu Kusini Magharibi mwa Afrika na kampeni ya Smuts. Kwa upande wa kusini msomaji hubakiwa na vitabu vya vikosi, kama kile cha Hugh Clifford kuhusu kikosi cha Gold Coast (1920) na kile cha W. D. Downes kuhusu Wanaijeria (1919), pamoja na kumbukumbu za Lettow-Vorbeck mwenyewe, ambaye alikuwa na kila sababu ya kujisifu.

Maandishi hayo yote hutaja wapagazi kwa idadi na wapelelezi kwa kazi. Waliofariki miongoni mwa wapagazi wa upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa zaidi ya 95,000, na ukumbusho wao ulio hai zaidi ni jina la soko, Kariakoo ya Dar es Salaam, lililotokana na kambi yao. Kinachosumbua ni kwamba fursa ya kuwasikiliza iliwahi kuwepo. Mradi wa utafiti wa Maji Maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao matokeo yake yalihaririwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe mwaka 1968, uliwahoji wazee wa Matumbi na Kilwa. Kizazi hicho kiliishi katika vita vyote viwili. Maswali yalihusu vita vya kwanza, na kwa sababu nzuri: taifa changa lilitafuta chimbuko la upinzani wake. Vita vya Wazungu wawili waliopigana katika shamba la mtu wa tatu havikuwa na nafasi katika utafutaji huo. Leo ushahidi huo unaweza kutafutwa tu katika majina ya mahali, katika nyimbo, na kwa wajukuu.

Barabara iliyobaki

Mwisho wa Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, na vita vikaondoka Lindi. Meli ya angani L59, iliyotumwa na Wajerumani kutoka Bulgaria kumletea vifaa katika Uwanda wa Makonde, iliitwa irudi ilipokuwa imekwisha kupita Khartoum. Hata chombo hicho, kilichoepuka barabara kabisa, kilishindwa kwa sababu ya kukosa habari za uhakika za aliko mtu kiliyemtafuta.

Njia zilizopanuliwa na majeshi zilirudi kuwa nyasi. Gari la upelelezi la deraya liliendelea kukua kwingineko, likapata gurudumu bora na redio, na lilipoonekana tena Tanganyika kwa uzito lilikuja mjini: Januari 1964 manowari Centaur ilileta Dar es Salaam makomandoo wa Uingereza na kikosi cha 16/5 Lancers cha magari ya aina hiyo, ili kuzima maasi ya wanajeshi. Huko palikuwa na lami. Kilwa na Lindi zilisubiri. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliwatesa madereva wa mabasi na malori kwa miaka mingine mingi kabla ya kuwekwa lami. Mapema Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoanguka juu ya bonde la Matandu, barabara hiyo ilikatika katika sehemu kadhaa za eneo la Somanga. Magari yalipanga foleni pande zote mbili za mapengo kwa siku kadhaa, yakisubiri barabara itengenezwe.